Nyimbo Mbili, Halafu Asante

Majvor Gillberg alipotimiza miaka sabini na saba, mwanawe Torbjörn alimletea zawadi iliyomtaka atupe vitu vyake. Ilikuwa spika nyeusi, ya mviringo, kimo chake kama kopo la kahawa. Unaisemesha, nayo inaimba. Torbjörn aliitua juu ya meza ya kulia, kati ya keki ya mkate, ile ya kwetu ya samaki na mayai, na vikombe, akaipapasa kichwani kama mbwa wa jirani.

"Mama, humu mna nyimbo mamilioni. Kila wimbo uliowahi kurekodiwa."

"Nina magoti mawili," Majvor akasema, "na moja ni la chuma. Mamilioni nitayacheza na nani?"

Siv, rafiki yake wa tangu ujana, akainama karibu na spika akaiomba wimbo wa ile bendi ya watu watano wa kiwandani kwetu, waliotoa nakala mia mbili tu za santuri moja kisha wakagombana. Spika ikafikiri. Ikatuletea nyimbo za kubembelezea watoto.

"Basi karibu kila wimbo," Torbjörn akasema.

Tulicheka, naye akacheka, maana si mtu mbaya. Ni mtu wa kupima. Kazi yake ni kupima viwanja huko Karlstad, na akiingia nyumbani kwako, kabla hajavua viatu, macho yake yameshapima ukuta. Siku ile yalikuwa yanapima rafu tatu za santuri za mama yake, na sote tuliokaa pale tukinywa kahawa tuliyaona.

Nizieleze kwanza hizo rafu, kwa sababu ugomvi wote ulitoka humo. Zilikuwa na santuri mia nne na kumi na mbili, karibu zote za bendi za dansi: wanaume watano au sita kwenye jalada, suti za rangi moja, kola pana kama masikio ya ndovu, mmoja na saksafoni, mmoja na kodiani, wote wanatabasamu kana kwamba wameambiwa mshahara umeongezwa. Watu wa miji mikubwa huucheka muziki ule. Na waucheke. Hapa Filipstad, mji wetu mdogo, tulioana kwa muziki ule, na wengine wetu tuliachana kwa huo huo.

Wala msianze kulainika macho mkidhani bibi anatunza santuri za marehemu mumewe. Alvar alipenda vitu viwili, kuvua samaki kwenye tundu la barafu na kunyamaziwa. Hakuwahi kucheza dansi, na alipokufa hakuacha santuri hata moja. Zile zilikuwa za Majvor. Alizinunua moja moja kwa mshahara wake, tangu alipokuwa msichana.

Hakuzipanga kwa herufi wala kwa miaka. Alizipanga kwa miguu. Rafu ya juu zile za kwenda polepole, ya kati zile za kukimbia na kuzungushana, ya chini valsi, zile za hatua tatu tatu. Nyuma ya kila jalada alitia alama za penseli: wimbo wa pili na wa tatu, wimbo wa tano na wa sita. Mbili mbili. Kwa sababu kwetu dansi moja ni nyimbo mbili. Mtu anakuja kukuomba, mnacheza nyimbo mbili, anakushukuru, anakurudisha kwenye kiti chako, kwisha. Ukimwacha baada ya wimbo mmoja umemtukana mbele za watu. Ukicheza naye wa tatu umetangaza jambo, na kesho yake dukani watakuuliza habari za harusi au za talaka, kutegemea una mume au huna. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hata mtoto anaijua.

Miaka thelathini na moja Majvor alisimama kwenye mkanda wa kufungashia wa kile kiwanda chetu cha mkate mkavu. Mimi nilisimama kulia kwake miaka tisa, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Alikuwa na jicho la kuona kipande kilichovunjika kikiwa bado mita tatu kutoka kwake, na mkono wa kukitoa bila kugusa kilicho kizima. Wasimamizi walibadilika, yeye alibaki, na kila msimamizi mpya alijifunza ndani ya wiki moja kwamba akimwambia "harakisha" atajibiwa mbele ya watu wote, tena kwa utulivu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Alipostaafu, sakafu ya dansi ya kule bustani ya mji ikafungwa, mbao zimeoza. Wengine tulilalamika. Majvor alikunja kapeti zake za vitambaa, akasukuma sofa ukutani, akafungua mlango. Kila Jumapili saa nane mchana. Watu wanane, tisa, kumi. Viatu vya theluji mlangoni, viatu laini vya dansi kwenye mfuko. Kahawa, dansi, kahawa tena, biskuti za aina tatu, kwa sababu zile aina saba za desturi anasema ni za watu wanaotaka kusifiwa. Yeye mwenyewe hukaa kwenye kigoda kando ya gramafoni. Nyimbo mbili, anainua sindano, anaangalia chumba, anachagua nyingine.

Mwaka ule akaamua kuuza nyumba. Uamuzi ulikuwa wake, hakuna aliyemsukuma. Theluji ya kuondoa mlangoni, ngazi za kwenda chini kwenye tanuri la kupasha nyumba joto, goti la chuma. Alihesabu akaona inatosha. Akapata nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu karibu na ziwa, jengo la wazee, lina lifti. Torbjörn akachora ramani yake kwenye karatasi ya miraba. Kitanda hapa, sofa hapa, na sebuleni ile meza ya kulia ya mbao ya mbetula aliyoiunda babu yake, na viti vyake vinane.

Majvor alivaa miwani akaitazama ramani muda mrefu.

"Rafu zangu ziko wapi?"

"Ndiyo maana nimekuletea spika, Mama. Rafu tatu zimegeuka kuwa kopo moja."

"Na meza?"

"Meza ni ya babu. Tunakula Krismasi pale."

"Mnakuja Krismasi, mnakuja na siku yangu ya kuzaliwa. Mara mbili. Jumapili ziko hamsini na mbili."

"Mama, santuri ni kilo mia na kitu. Ni vumbi. Zina mikwaruzo. Muziki ni ule ule."

"Kama ni ule ule, mbona unataka nibadilishe?"

Torbjörn akashika silaha ambayo kila mtoto wa kwetu anayo mfukoni. Tuna desturi ya kusafisha kabla ya kufa: unapunguza vitu vyako ukiwa na akili timamu, ili watoto wasije kufukua vijiko na barua wakiwa na msiba. Siv alishafanya. Alibaki na sahani sita, picha moja, na paka.

"Roho inapumua, shoga," Siv alimwambia Majvor.

"Inapumua kwa kuwa haina pa kukaa."

Torbjörn yeye alisema kwa upole, "Siku ukiondoka, Mama, nani atahangaika nazo?"

"Siku nikiondoka zitupe ziwani. Leo nipo, nakunywa kahawa."

Ndipo Torbjörn akaja na jaribio. Jumapili ile inayokuja, dansi ichezwe kwa spika, mchana mzima, na gramafoni ifunikwe. Watu wakicheza kama kawaida, Jumatatu santuri zinakwenda duka la vitu vya mtumba, na ramani inabaki ilivyo. Ikishindikana, atazibeba yeye mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, na hatasema neno tena.

Majvor akakubali pale pale. Nilishtuka. Torbjörn alipokwenda kuwasha gari nikamuuliza kwa nini.

Aliinua kikombe. Kahawa ikawa inatikisika mle ndani, viduara vidogo, kama lori linapita nje. Hakukuwa na lori.

"Mara mbili mwezi huu sindano imeniponyoka," akasema. "Usimwambie. Kama lile kopo linaweza kazi, basi linaweza. Sitazing'ang'ania kwa ukaidi mtupu."

"Na lisipoweza?"

"Nitakuwa mkaidi mwenye haki."

Jumapili ikafika. Tulikuwa tisa, na Torbjörn wa kumi, amevaa shati la mikono mirefu na soksi za michezo kama mtu aliyekuja kurekebisha friji. Alikuwa ameandaa nyimbo sitini, kazi ya jioni tatu, lazima nimsifu. Simu ya kuiendeshea spika akaiweka kwenye dirisha, mbali na vikombe. Gramafoni ilifunikwa kwa kitambaa cha meza, na Majvor akakaa kando yake kwenye kigoda chake, mikono amekunja, kama mlinzi wa maiti.

Sitakuwa mnafiki: sauti ilikuwa safi. Saksafoni ilisikika kama mtu amesimama jikoni anapuliza. Evert Brolund, dereva mstaafu wa lori, mwanamume mpole ambaye hata kuku wanamwonea, alivuka chumba akamwomba Gun-Britt. Gun-Britt ni mke wa Rune, na Rune alikuwa amekaa pale pale karibu na biskuti. Hakuna ubaya, ndiyo dansi yenyewe. Siv naye akamnyooshea Torbjörn kidole, "Wewe fundi, njoo," na Torbjörn akaja. Jozi tatu zikaingia sakafuni.

Wimbo wa kwanza. Wa pili. Na pale ambapo Majvor huinua sindano, hapakutokea kitu. Torbjörn alikuwa ameunganisha nyimbo zile kwa ustadi wa siku hizi, wimbo haujakata pumzi mwingine umeshaingia kwa mlango wa nyuma. Evert alikuwa ameshafungua mdomo kusema asante. Muziki ukamkuta mdomo wazi, mkono bado uko mgongoni kwa mke wa mtu, na mguu ukaendelea.

Ni lazima uwajue watu hawa. Hakuna miongoni mwao atakayemwachia mwenzake katikati ya wimbo. Ni kama kuinuka mezani chakula kikiwa mdomoni. Na hakuna mtu wa pembeni atakayekwenda kuwatenganisha, maana huko ndiko kutangaza ugomvi. Kwa hiyo walicheza. Wimbo wa tatu. Evert alitazama spika, akatazama dari. Gun-Britt alidhani amechaguliwa kwa makusudi, akageuka rangi, na sitasema kwamba alichukia. Wote tuliokaa tulikuwa tunahesabu. Usingesikia mtu anahesabu, lakini hakuna aliyetafuna biskuti.

Wa nne. Rune akaweka kikombe chini kwenye sahani. Taratibu. Mlio wake ulisikika kuliko ngoma.

"Mama," Torbjörn akaita juu ya bega la Siv, "waambie wabadilishane tu."

"Leo si mimi ninayeendesha," Majvor akasema. "Mwambie kopo."

"Siv, naomba nifike kwenye simu mara moja."

"Katikati ya wimbo?" Siv akasema. Ana miaka themanini na ana kiganja cha mkata kuni. "Mama yako alikulea hivyo?"

Wa tano. Ulikuwa wa kukimbia. Torbjörn shati limeloa. Siv akamwambia, kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "Umenishika nyimbo tano, mwanangu. Mkeo tumpigie leo au asubuhi?"

Tukacheka kidogo, na kicheko kikafa, kwa sababu Rune alikuwa amesimama. Hakwenda popote. Alisimama tu, akifunga na kufungua kifungo cha koti. Evert alimwona. Akaanza kupumua kama mlango wa zamani, uso umekuwa kama nta, naye ni mtu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo mwaka juzi, lakini hakuachia. Angekufa pale, mkono mgongoni kwa Gun-Britt, kuliko kumwacha nusu ya wimbo.

Majvor akainuka. Hakwenda kwenye simu. Alifuata waya wa spika hadi ukutani akauchomoa.

Kisha wanaume wote watatu, Torbjörn miongoni mwao, wakasema "asante kwa dansi" kwa pamoja, kama askari, wakawarudisha wanawake kwenye viti vyao. Evert alimfikisha Gun-Britt mpaka mkononi mwa Rune. "Ni mashine," akamwambia.

"Niliona," Rune akasema. Akaketi. Akachukua biskuti, na sote tukapumua.

Mngedhani kesi imekwisha hapo. Lakini Torbjörn si mjinga, na kosa akiliona hulipima. Akaenda dirishani na simu yake, akabonyeza, akabonyeza, tukiwa tunakunywa kahawa ya pili. Akarudi ametulia.

"Nimeelewa," akasema. "Nyimbo mbili, kimya nusu dakika, nyimbo mbili. Inapangika. Kosa lilikuwa langu, si la spika."

"Nusu dakika Evert bado anatafuta kiti," Siv akasema.

"Basi dakika tatu."

"Dakika tatu watu watakuwa wamelala," nikasema mimi.

"Basi Mama atabonyeza mwenyewe. Anasimamisha, anaendeleza. Hapa na hapa. Anachagua wimbo anaotaka, wakati anaotaka. Kila anachofanya na sindano anaweza kukifanya kwa kidole." Akamgeukia. "Mama, sema kweli. Kuna kitu hapa hakiwezekani?"

Nilimwangalia Majvor. Alikuwa anatazama chumba, kama anavyotazama kila akiinua sindano. Nikafuata macho yake. Berit, aliyehamia mtaa wetu msimu ule wa vuli, hakuwa ameinuka tangu tuanze. Evert huomba valsi tu akishachoka. Rune anahitaji kucheza na mkewe sasa hivi, sasa hivi kabisa, tena wimbo wa taratibu. Yote hayo yalikuwa yanapita usoni kwa Majvor kama vipande kwenye mkanda.

"Hakuna," akasema. "Inawezekana yote. Hata haya ninayoyafikiri, kwa kidole inawezekana."

"Basi?"

"Basi sitaki."

Torbjörn akaitia simu mfukoni.

"Hiyo si sababu, Mama."

"Kwa miaka thelathini na moja nilifanya kwa sababu za watu wengine. Mkanda uende haraka, sababu wanazo. Mkanda uende polepole, sababu wanazo. Nikiwa nyumbani kwangu nina haki ya kutotaka. Nataka kitu ninachokishika. Nataka kikiisha kiishe, kinyamaze, kiningoje mimi niinuke. Santuri ikifika mwisho haina wazo lingine. Hilo kopo lako kila mara lina wazo lingine."

Alivua kile kitambaa cha meza kwenye gramafoni. Akainama rafu ya juu, akavuta jalada bila kusoma, akaweka santuri, ikaanza kuzunguka. Akainua mkono wa sindano. Nami nikajua kitakachotokea, na sikuweza kufanya lolote.

Mkono ukatikisika. Sindano ikaruka, ikakwaruza santuri kutoka ukingoni hadi karibu na katikati, sauti kama kitambaa kinachanwa. Kila mtu alisikia. Torbjörn aliona vidole.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu majira ya joto."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungechora ramani nyingine."

Nadhani ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Akanyoosha mkono wake. "Nikuwekee mimi."

"Ukija kila Jumapili, sawa. Utakuja kila Jumapili?"

Kutoka Karlstad ni zaidi ya kilomita sitini. Torbjörn aliangalia soksi zake.

"Basi kaa," Majvor akasema, bila hasira. Kwa mkono wa kushoto akashika kifundo cha mkono wa kulia, akakibana, kama unavyoshika jogoo unayempeleka sokoni. Mikono yote miwili ikashuka pamoja. Ilichukua muda mrefu wa aibu, na hakuna aliyegeuza uso, na hakuna aliyesaidia, maana tulimjua. Sindano ikagusa. Ikakwaruza kidogo, ikaanza wimbo wa pili, mahali alipotaka.

"Rune," akasema bila kugeuka, "mkeo amekaa."

Rune akainuka akamwomba mkewe. Nyimbo mbili. Kisha valsi, na Evert akaenda kwa Berit, na kule kwenye sofa Torbjörn alikaa mikono magotini hadi saa kumi na moja, akiangalia. Mara moja tu Siv alimwomba tena. Alicheza naye mbili, akamshukuru, akamrudisha kwenye kiti chake, sawasawa kabisa. Damu ni damu.

Siku ya kuhama meza ya babu ilikwenda Karlstad juu ya trela. Mke wa Torbjörn alipiga simu kuuliza huo ni mzaha wa nani, na meza ya viti vinane anaiweka wapi kwenye nyumba yake iliyojaa. Majvor alimwambia wale juu yake. Santuri zilipanda zikiwa kwenye masanduku ya ndizi, kumi na moja, na lifti ilichagua siku ile kuharibika, kwa hiyo Torbjörn alizibeba kwa ngazi, kama alivyoahidi, wala hakusema neno. Ghorofa ya pili alisema moja, lakini lilikuwa la kumlaani aliyeunda lifti.

Zile rafu tatu zilisimama pale ambapo ramani ilionyesha meza. Katikati ya sebule pakabaki sakafu tupu, mbao nzuri, ndogo kuliko ya zamani, jozi tatu zinatosha zikiheshimiana. Majvor anakula jikoni, kwenye kimeza cha kukunja. Spika hakuitupa. Imekaa karibu na jiko, anaiuliza kama kutakuwa na theluji na inamhesabia dakika saba za kuchemsha mayai. Anasema kwa mayai ni hodari. Siv alimcheka kwamba amesalimu amri. "Kila kitu na kazi yake," Majvor akasema. "Nawe pia ningekutafutia, ila sijaona unachoweza."

Wiki ya tatu karatasi ilibandikwa chini mlangoni, karibu na orodha ya zamu za chumba cha kufulia. Pale kwenye majengo yetu mtu akikuchukia hagongi mlango, anaandika. Herufi kubwa, kalamu ya wino mweusi, haina jina:

"Kuna mkazi anayepiga muziki na kukanyaga sakafu kila Jumapili. Hili ni jengo la watu wanaohitaji utulivu. Vifaa vya kusikilizia masikioni vipo madukani."

Wakazi walipita wakasoma, wakatazamana, wakaendelea na ndoo zao za nguo. Majvor aliposoma alipanda juu kuchukua kalamu, akashuka, akaandika chini yake, kwa mikono miwili, herufi zikiyumba:

"Ni mimi. Majvor Gillberg, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, nimesoma kanuni za jengo na zinaruhusu. Vya masikioni haviwezekani, tuko tisa. Njoo na viatu laini."

Torbjörn alikuja Jumamosi kumfungia pazia, akaisoma karatasi akiwa anangoja lifti. Alipanda juu amekunja uso.

"Mama, umehamia juzi tu. Hawa ndio watu utakaoishi nao."

"Nao ndio wataishi na mimi."

"Ungeandika kwa upole kidogo."

"Nimewakaribisha. Upole gani tena?"

"Ungepunguza sauti. Ungetumia spika, sauti yake unaiweka kwa namba, moja mpaka kumi, kila mtu anaridhika."

Majvor alikuwa juu ya kigoda anamshikia ncha ya pazia. Akamtazama kwa chini, jicho moja, kama alivyowatazama wasimamizi wote wale.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nipe kalamu."

Akashuka kwenye kigoda, akashuka kwa lifti, Torbjörn nyuma yake na nyundo bado mkononi. Akasimama mbele ya karatasi, watu wawili wanatoa nguo mashineni wanajifanya hawaoni. Akaongeza mstari mmoja, akaandika polepole ili wausome vizuri:

"Anayelalamika naye aandike jina."